Programu Inapokataa Kufunguka Bila Kusema Lolote: Namna ya Kutafuta Kasoro kwenye Kompyuta ya Linux

SOMO LA TEHAMA KWA WAKAZI

Wakazi wanaotumia kompyuta zenye mfumo endeshi wa Linux hawana haja ya kumlipa fundi afute mashine nzima kila mara programu moja inapokataa kufunguka. Mara nyingi kasoro ni ndogo, inaweza kutambuliwa kwa dakika chache, na kompyuta yenyewe huwa tayari imeeleza tatizo ni nini. Somo hili linaonyesha mahali maelezo hayo yanapopatikana, namna ya kuyasoma na la kufanya baada ya kuyasoma.

Linux imezidi kuonekana katika ofisi ndogo, vyuo vya ufundi, saiba na majumbani. Sababu kuu ni gharama: mifumo kama Ubuntu na Linux Mint hupatikana bila malipo na hufanya kazi vizuri hata kwenye kompyuta zilizotumika miaka mingi. Sababu nyingine ni kwamba kampuni ya Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11. Badala ya kuzitupa, wenyewe wamezihamishia Linux.

Pamoja na faida hizo, kuna tabia moja ya Linux inayowasumbua wageni. Mtumiaji anabofya ikoni, kiduara kinazunguka sekunde chache, kisha kinapotea. Hakuna dirisha linalofunguka na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Anabofya tena na tena, hali ni ile ile. Ikiwa ni mwanafunzi anayejaza fomu ya basari, au mfanyabiashara anayetaka kuwasilisha marejesho ya ushuru kabla ya tarehe 30 Juni, hofu humwingia, na mtu akiwa na hofu ndipo hufanya maamuzi ya haraka. Uamuzi wa haraka ulio ghali zaidi ni kukubali kompyuta ifutwe yote na kuwekwa mfumo upya. Picha, barua, hesabu za chama na vyeti vilivyohifadhiwa humo huenda visirudi tena.

Programu haijanyamaza

Jambo la kwanza kuelewa ni kwamba programu inayoshindwa kufunguka kwa kawaida hutoa maelezo. Shida ni kwamba huyatoa pahali ambapo mtumiaji hatazami.

Ikoni iliyo kwenye menyu si programu yenyewe. Ni faili dogo la maandishi lenye jina linaloishia kwa .desktop, na ndani yake mna mstari unaoanza kwa neno Exec. Mstari huo ndio unaoiambia kompyuta amri ya kutekeleza ikoni inapobofywa. Mengi ya mafaili hayo yamo kwenye folda ya /usr/share/applications, na mengine kwenye .local/share/applications ndani ya folda ya mtumiaji.

Programu za Linux zimezoea kuandika malalamiko yao kwenye teminali, yaani lile dirisha la kuandikia amri. Zinapoanzishwa kwa ikoni, hakuna teminali iliyo wazi, hivyo malalamiko hayo huenda kwenye daftari la kumbukumbu za mfumo bila mtu kuyaona. Ni kama mgonjwa anayemweleza daktari maumivu yake ilhali mlango wa chumba umefungwa. Kinachohitajika ni kuufungua mlango.

Kwa hiyo kanuni kuu ya somo hili ni moja: kabla ya kuondoa, kufuta au kusakinisha upya chochote, soma kwanza kile ambacho programu imesema.

Maswali matatu kabla ya kugusa chochote

Mtumiaji ajiulize maswali haya, na ikiwezekana aandike majibu kwenye karatasi.

Je, ni programu moja tu iliyokataa, au zote? Ikiwa moja tu imekataa na nyingine zinafunguka, kasoro iko kwenye programu hiyo au mipangilio yake. Ikiwa zote zimekataa, kasoro ni ya mfumo wenyewe, na sababu ya kushukiwa kwanza ni diski iliyojaa.

Je, ni nini kilichobadilika tangu mara ya mwisho ilipofanya kazi? Stima ilipotea kompyuta ikiwa imewaka? Mfumo ulisasishwa? Kuna mtu aliyebadilisha jina la kompyuta au kuongeza programu mpya?

Je, imepewa muda wa kutosha? Kwenye kompyuta yenye diski ya zamani, programu zilizofungashwa kwa mtindo wa Snap huchukua muda mrefu kufunguka mara ya kwanza baada ya kompyuta kuwashwa. Kivinjari cha Firefox kwenye Ubuntu kimekuwa cha mtindo huo tangu toleo la 22.04. Subiri dakika nzima kabla ya kubofya tena.

Hatua ya 1: Hakikisha programu haijajificha

Wakati mwingine programu imekwisha kufunguka ila dirisha lake halionekani, au ilifungwa vibaya na mabaki yake bado yanafanya kazi ndani kwa ndani. Programu nyingi hazikubali kuanzishwa mara mbili, hivyo kila ikoni inapobofywa, ile mpya hujiondoa kimya kimya.

Fungua teminali kwa kubonyeza vitufe vya Ctrl, Alt na T kwa pamoja. Kisha andika amri hii na kubonyeza Enter. Mfano huu ni wa LibreOffice, ambayo ndani ya kompyuta hujulikana kama soffice:

    pgrep -a soffice

Isipotokea kitu, programu haifanyi kazi kwa wakati huo, na mtumiaji aende hatua ya pili. Ukitokea mstari wenye nambari na jina la programu, basi ipo. Ikiwa hakuna dirisha lake lolote kwenye skrini, ifunge kwa amri hii, kisha ujaribu ikoni tena:

    pkill soffice

Tahadhari: amri hii hufunga programu bila kuuliza. Kazi ambayo haikuhifadhiwa inaweza kupotea, kwa hivyo isitumiwe ikiwa kuna dirisha la programu hiyo lenye kazi ndani yake.

Vivinjari vina kufuli la ziada. Google Chrome huweka faili liitwalo SingletonLock, ambalo limeandikwa jina la kompyuta. Jina la kompyuta likibadilishwa, Chrome hudhani kwamba kompyuta nyingine ndiyo inayotumia mipangilio ile, na hukataa kufunguka. Baada ya kuhakikisha kwa pgrep kwamba Chrome haifanyi kazi, kufuli hilo linaweza kuondolewa bila kugusa alamisho wala maneno ya siri yaliyohifadhiwa:

    rm ~/.config/google-chrome/SingletonLock

Hatua ya 2: Angalia nafasi ya diski na kumbukumbu

Kila programu inapofunguka huandika mafaili madogo ya mipangilio. Diski ikiwa imejaa, haiwezi kuandika, na nyingi hukata tamaa papo hapo. Andika:

    df -h ~

Tazama safu ya Use%. Ikisoma 100%, chanzo kimepatikana. Ili kujua ni folda zipi zilizokula nafasi, andika:

    du -sh ~/* | sort -h

Folda kubwa zaidi zitakuwa chini kabisa ya orodha. Mara nyingi ni video zilizopakuliwa. Zihamishie kwenye diski ya nje au flashi, kisha umwage debe la taka, kwa kuwa faili lililotupwa humo bado linachukua nafasi. Kwenye Ubuntu na Mint, mafaili ya usakinishaji yaliyobaki yanaweza kusafishwa kwa amri ya sudo apt clean, na hakuna kazi ya mtumiaji itakayopotea.

Baada ya hapo angalia kumbukumbu ya muda, yaani RAM, kwa amri ya free -h. Safu ya available ikionyesha kiasi kidogo sana, funga kurasa za kivinjari zisizohitajika. Linux inapoishiwa kumbukumbu huchagua programu moja na kuizima ghafla ili mashine nzima isikwame. Kwa mtumiaji, hilo huonekana kama programu iliyojifia yenyewe.

Hatua ya 3: Ifungue programu kupitia teminali

Hii ndiyo hatua muhimu kuliko zote. Badala ya kubofya ikoni, andika jina la programu kwenye teminali na kubonyeza Enter. Kwa mfano:

    vlc

Jina la amri likiwa halijulikani, litafute ndani ya faili la ikoni:

    grep Exec /usr/share/applications/vlc.desktop

Neno linalofuata alama ya usawa ndilo amri yenyewe. Programu za Snap huanzishwa kwa snap run na jina lake; zile za Flatpak huanzishwa kwa flatpak run na kitambulisho kinachopatikana kwa kuandika flatpak list.

Programu ikishindwa, maandishi yatatokea. Mtumiaji asishtuke akiona mistari mingi yenye neno WARNING. Hayo ni maonyo tu, na hata programu nzima huyatoa kila siku. Mistari ya kutafuta ni ile ya mwisho mwisho, hasa yenye maneno error, fatal, denied, not found au cannot open.

Ikiwa hata hapo hakuna maandishi, bado kuna jibu. Mara tu programu inapokoma, andika:

    echo $?

Kompyuta itatoa nambari. Maana za nambari zinazoonekana mara kwa mara ni hizi:

- 0: programu imemaliza bila kosa. Pengine ilikabidhi kazi kwa nakala yake iliyokuwa tayari inafanya kazi. Rudi hatua ya 1.
- 126: faili lipo ila haliruhusiwi kutekelezwa.
- 127: amri haikupatikana. Programu haijasakinishwa au jina limekosewa.
- 137: programu imezimwa kwa nguvu, mara nyingi kwa sababu ya ukosefu wa kumbukumbu.
- 139: programu imeanguka yenyewe ilipojaribu kugusa sehemu ya kumbukumbu isiyo yake.

Hatua ya 4: Elewa ujumbe na uchukue hatua inayofaa

Permission denied. Maana yake ni kwamba ruhusa imekosekana. Ikiwa ni programu iliyopakuliwa, huenda faili halijaruhusiwa kutekelezwa. Ruhusa hutolewa kwa amri ya chmod +x ikifuatwa na jina la faili. Ikiwa ni programu ya kawaida, huenda folda yake ya mipangilio imekuwa mali ya msimamizi mkuu, aitwaye root. Hilo hutokea pale mtu alipoianzisha programu kwa sudo siku moja. Angalia mwenye folda kwa:

    ls -ld ~/.config/vlc

Likionekana jina la root badala ya jina la mtumiaji, irudishe folda kwa mwenyewe:

    sudo chown -R $USER: ~/.config/vlc

Hii ndiyo sababu wataalamu hukataza kufungua programu za kawaida kwa sudo. VLC yenyewe hukataa waziwazi kuanzishwa na root.

Error while loading shared libraries. Programu za Linux hutegemea mafaili ya pamoja yanayotumiwa na programu nyingi, ambayo majina yake huwa na herufi .so. Ujumbe huu hutaja faili lililokosekana. Mara nyingi ni matokeo ya usasishaji uliokatizwa, kwa mfano stima ilipopotea katikati ya kazi. Kwenye Ubuntu na Mint, amri hizi mbili hukamilisha kazi iliyoachwa njiani:

    sudo dpkg --configure -a
    sudo apt --fix-broken install

Soma orodha inayotolewa kabla ya kukubali. Ikiwa kompyuta inasema itaondoa programu nyingi, jibu n kisha utafute ushauri.

Exec format error. Programu imetengenezewa aina nyingine ya kompyuta. Andika uname -m. Jibu likiwa i686, mfumo uliosakinishwa ni wa biti 32 na hauwezi kutekeleza programu za biti 64. Likiwa x86_64, ni wa biti 64, na huenda kilichopakuliwa ni cha simu au cha kompyuta ya aina nyingine.

Segmentation fault. Programu imeanguka. Sababu zinaweza kuwa mipangilio iliyoharibika, kasoro kwenye programu yenyewe au tatizo la kadi ya picha. Anza na hatua ya 5 hapa chini. Kwa Chrome na programu zinazofanana nayo, jaribu pia kuongeza --disable-gpu mwisho wa amri. Ikifunguka, tatizo ni la upande wa picha na linamhusu fundi wa viendeshi vya kadi hiyo. Programu yenyewe haina kosa.

Hatua ya 5: Weka mipangilio kando bila kuifuta

Kompyuta inapozimika ghafla, programu inaweza kukatizwa ikiwa katikati ya kuandika mipangilio yake. Ikianzishwa tena, husoma maandishi nusunusu na kuanguka. Kuiondoa programu na kuisakinisha upya hakusaidii, kwa kuwa mipangilio ya mtumiaji hubaki kwenye folda yake hata programu inapoondolewa. Wengi hawalijui jambo hili, na ndiyo maana husakinisha mara tatu au nne bila mafanikio.

Njia salama ni kuipa folda ya mipangilio jina jingine:

    mv ~/.config/vlc ~/.config/vlc-zamani

Programu ikifunguka sasa, mipangilio ndiyo iliyokuwa imeharibika. Isipofunguka, rudisha jina la awali, hakuna kilichopotea. 

LibreOffice ina njia yake yenyewe. Amri ya soffice --safe-mode huifungua kwa mipangilio ya muda na kumpa mtumiaji nafasi ya kuirekebisha ile ya kawaida. Kwa Firefox, amri ya firefox -P huonyesha orodha ya wasifu wa watumiaji, na hapo mtu anaweza kutengeneza mpya ili kujaribu. Ule wa zamani usifutwe kamwe, kwa kuwa ndio ulio na alamisho na maneno ya siri.

Mwenye shaka anaweza kufungua akaunti mpya ya mtumiaji kwenye kompyuta hiyo hiyo na kujaribu programu humo. Ikifunguka kwenye akaunti mpya na kukataa kwenye ya zamani, basi programu ni nzima na kasoro imo katika mafaili ya mtumiaji.

Hatua ya 6: Soma daftari la mfumo

Endapo programu inafunguka vizuri kupitia teminali lakini inakataa kupitia ikoni, daftari la mfumo ndilo litakalotoa siri. Fungua teminali, andika amri hii, kisha uache dirisha wazi:

    journalctl -f

Sasa bofya ikoni huku ukitazama teminali. Mistari mipya inayotokea wakati huo huo ndiyo inayohusika. Ili kusimamisha, bonyeza Ctrl na C. Kwenye baadhi ya mifumo, ikiwemo Linux Mint, maelezo mengine huandikwa kwenye faili lililofichwa liitwalo .xsession-errors ndani ya folda ya mtumiaji. Tofauti kati ya teminali na ikoni mara nyingi huwa kwenye mstari wa Exec: ikoni ya zamani inaelekeza mahali ambapo programu haipo tena.

Mfano kamili: programu ya video iliyopakuliwa

Chukulia kijana anayejifunza kuhariri video katika chuo cha ufundi. Amepakua programu ya Kdenlive kwa mtindo wa AppImage, yaani faili moja lisilohitaji kusakinishwa, na kuliweka kwenye folda ya Downloads ya kompyuta yenye Ubuntu 24.04. Ameliita kdenlive.AppImage. Analibofya mara mbili, na hakuna kinachotokea.

Programu nyingine zote zinafunguka, kwa hivyo mfumo uko sawa. pgrep haionyeshi chochote. df inaonyesha diski ina nafasi. Anaingia kwenye teminali na kuandika:

    cd ~/Downloads
    ./kdenlive.AppImage

Jibu ni Permission denied. Anatoa ruhusa kwa chmod +x kdenlive.AppImage na kujaribu tena. Safari hii ujumbe ni mwingine:

    dlopen(): error loading libfuse.so.2
    AppImages require FUSE to run.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Mafaili mengi ya AppImage yalitengenezwa kutegemea faili la pamoja la libfuse.so.2, na kuanzia toleo la 22.04 Ubuntu huja bila faili hilo. Akiwa na neno la siri la msimamizi, anaweza kuliongeza. Kwenye Ubuntu 22.04 kifurushi huitwa libfuse2, na kwenye 24.04 huitwa libfuse2t64:

    sudo apt install libfuse2t64

Ikumbukwe kwamba kifurushi kiitwacho fuse pekee ni kitu tofauti. Kukisakinisha kwenye matoleo haya ya Ubuntu kunaweza kuondoa sehemu za mfumo zinazohitajika.

Akiwa kwenye kompyuta ya umma ambayo hana ruhusa ya msimamizi, bado ana njia:

    ./kdenlive.AppImage --appimage-extract-and-run

Makosa yalikuwa mawili, moja nyuma ya jingine, na yote mawili yalionekana kama ukimya ule ule kwa mtu aliyekuwa akibofya ikoni. Ndiyo maana baada ya kila rekebisho ni lazima kujaribu tena na kusoma tena. Ujumbe ukibadilika ni dalili njema, hata kama programu bado haijafunguka.

Baadhi ya programu za AppImage kwenye Ubuntu 24.04 hutoa ujumbe mwingine unaotaja SUID sandbox. Chanzo chake ni ulinzi uliokazwa katika toleo hilo. Kwenye mtandao kuna ushauri mwingi wa kuongeza --no-sandbox mwisho wa amri. Programu itafunguka, lakini itafanya kazi bila ukuta wa kinga, jambo lisilofaa kwa programu inayofungua kurasa za intaneti. Ni afadhali kupakua toleo la .deb kutoka kwa watengenezaji ikiwa lipo.

Mambo ya kuepuka

Usinakili amri kutoka kwenye mtandao bila kujua inafanya nini, hasa zinazoanza kwa sudo au zenye rm -rf. Amri ya rm haina debe la taka, kilichofutwa kimekwenda.

Usitekeleze marekebisho matano kwa mara moja. Fanya moja, jaribu, andika matokeo. Vinginevyo haitajulikana ni lipi lililosaidia na ni lipi lililoharibu.

Usimpe fundi neno la siri la akaunti zako za benki, eCitizen au barua pepe ati kwa sababu programu haifunguki. Hakuna kasoro ya aina hii inayohitaji maneno hayo.

Na kabla ya kukubali kompyuta ifutwe, hakikisha kazi yako imenakiliwa kwenye flashi au diski ya nje, na kwamba umefungua mafaili kadhaa kwenye kompyuta nyingine kuthibitisha kuwa yamenakilika. Mwulize fundi swali moja: programu inasema nini inapofunguliwa kwenye teminali? Fundi ambaye hajatazama bado hajajua ugonjwa, na haifai kuanza matibabu.

Ukihitaji msaada

Msaada huja haraka zaidi mtu anapofika na maelezo kamili. Andaa mambo manne: jina na toleo la mfumo, linalopatikana kwa amri ya cat /etc/os-release, jina la programu na namna ilivyosakinishwa, ujumbe wa kosa neno kwa neno, na kilichobadilika kabla ya tatizo kuanza. Maandishi ya teminali hunakiliwa kwa Ctrl, Shift na C. Yakiwa mengi, yahifadhi kwenye faili:

    vlc 2>&1 | tee ~/ripoti.txt

Pitia faili hilo kabla ya kulituma kwa mtu, kwa kuwa linaweza kuwa na jina lako au majina ya mafaili yako.

Zoezi la kujipima

1. Programu zote zimekataa kufunguka tangu jana jioni, baada ya ndugu yako kupakua filamu kadhaa. Utaanza na amri gani?

2. LibreOffice ilikataa kufunguka baada ya stima kupotea. Imeondolewa na kusakinishwa upya mara mbili bila mafanikio. Kwa nini, na hatua inayofuata ni ipi?

3. Programu imekoma bila maandishi yoyote, na echo $? imetoa 137. Utashuku nini?

Majibu: 1. df -h ~, kwa kuwa diski huenda imejaa. 2. Kusakinisha upya hakugusi mipangilio iliyoharibika kwenye folda ya mtumiaji. Ifungue kwa soffice --safe-mode, au uipe folda ya ~/.config/libreoffice jina jingine. 3. Kumbukumbu imeisha, angalia free -h na ufunge programu nyingine.

Mkazi anayetaka kufanya mazoezi hana haja ya kungoja tatizo. Afungue teminali leo, aanzishe programu tatu anazozitumia kila siku na kutazama zinaandika nini zikiwa nzima. Siku moja ikiugua, atatambua mara moja ni mstari upi ambao hakuwa ameuona hapo awali.